Bibi wa Zinji na mbwa wake wa madoadoa

JINA la Zinji si geni kwetu sisi watu wa mwambao. Ndilo walilotuita mabaharia na wanajiografia wa Kiarabu kwa mamia ya miaka, tangu enzi za akina al-Masudi aliyefika pande hizi katika karne ya 10, na ndilo lililozaa jina la Zanzibar. Ajabu ni kwamba mwaka 1959 jina hilo lilitoka pwani likapanda bara, likapewa fuvu la kichwa lililokuwa limelala ardhini kwa muda ambao wataalamu waliukadiria kuwa miaka milioni 1.75. Aliyeliona fuvu hilo alikuwa mwanamke, na siku hiyo hakufuatana na mtu. Alifuatana na mbwa wawili, Sally na Victoria.

Mwanamke huyo ni Bi Mary Leakey. Wengi wetu twalijua zaidi jina la mumewe, Dakta Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, na la mwanawe Richard. Leo nataka kumzungumza mama, pamoja na mbwa wake, na najua kwamba hapa baadhi ya wasomaji wangu wataguna. Mbwa kwetu ni mnyama wa kufukuzwa mlangoni. Sisi wafuasi wa Imamu Shafii tukiguswa na ute wake twaosha mara saba, moja kwa udongo, na hukumu hiyo iko pale pale. Sina nia ya kuilegeza. Lakini hukumu ya najisi ni jambo moja na dharau ni jambo jingine. La kwanza tulisomeshwa chuoni. La pili tulijisomesha wenyewe mitaani.

Tena liko jambo linalofanya mazungumzo haya yasiwe ya anasa. Watu wetu wengi wamehamia bara kwa kazi na biashara, na si haba walionunua viwanja Kitengela na kwingineko katika Kajiado. Huko si Mji wa Kale. Mbuga ya Taifa ya Nairobi imepakana na nyanda za Kitengela, na upande wake wa kusini haukuzungushiwa ua, kwa hiyo wanyama hutoka na kuingia wapendavyo. Mwezi wa Juni mwaka 1912 hadithi kama hizo zingekuwa za wasafiri. Lakini ilikuwa Juni mwaka 2012 simba sita walipouawa Kitengela na wenyeji waliochoshwa na kuliwa mifugo yao. Katika nchi kama hiyo mbwa si pambo. Ni mlinzi, na Mtume wetu (S.A.W.) aliwaruhusu wenye mifugo, wenye mashamba na wawindaji kuwa naye. Wako maulamaa waliokisia ulinzi wa nyumba juu ya hayo; mwenye shaka na amuulize shekhe wake. Baba aliyehamia huko, mwanawe akimletea kijibwa kutoka kwa jirani, atahitaji kujua jambo moja kabla ya yote: mnyama huyu ataitika akiitwa, au hataitika?

Basi tumtazame huyu bibi, kwa sababu sehemu kubwa ya sifa yake ilianzia katika Kajiado hiyo hiyo.

Alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913, akaitwa Mary Douglas Nicol. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa picha za mandhari, mtu wa kuhamahama na brashi zake kusini mwa Ulaya. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Frere, na hapa watu wa Mombasa hawana budi kusimama kidogo. Ni ukoo ule ule wa Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshurutisha Seyyid Barghash afunge biashara ya watumwa, na ambaye jina lake lilipewa kijiji cha watumwa walioachwa huru, Frere Town, pale Kisauni, karibu na ile kengele iliyopaita mahali Kengeleni. Babu mwingine wa ukoo huo, John Frere, aliandika mwaka 1797 habari za mashoka ya mawe aliyoyaona Uingereza yakiwa yamefukiwa chini sana, akadai kwamba ni kazi ya watu wa zamani mno. Wakati huo hakuna aliyemjali. Damu ya mawe, basi, ilikuwamo.

Masomo ya darasani yalimshinda, au tuseme yeye ndiye aliyeyashinda. Baba yake alipofariki mwaka 1926 mama alimtia katika shule za watawa wa Kikatoliki. Ya kwanza ilimfukuza kwa kuwa alikataa kukariri mashairi mbele ya watu, akaenda kujificha katika chumba cha tanuri la kuchemshia maji. (Sisi watunzi tumsamehe; yawezekana mashairi yenyewe yalikuwa mabaya.) Ya pili ilimfukuza baada ya kulipua kitu katika darasa la kemia. Mama alipoulizia nafasi Oxford aliambiwa asijisumbue. Binti akawa anahudhuria mihadhara London bila kuandikishwa kuwa mwanafunzi, akajiunga na wachimbuzi wakati wa kiangazi, na akawa hodari wa kuchora zana za mawe hata wataalamu wakaanza kumtafuta. Ndivyo alivyokutana na Louis Leakey, aliyehitaji mchoraji wa kitabu chake. Louis alikuwa na mke na watoto, na mambo yaliyofuata yaliwatia watu maneno mengi Cambridge. Mwaka 1936 alimwacha mke wa kwanza na usiku wa kuamkia Krismasi ya Wakristo akamwoa Mary. Mwaka uliofuata wakaja Kenya.

Sasa twende Kajiado. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Magadi unaipanda mabega ya Ngong, kisha unateremka Bonde la Ufa mpaka joto linakupiga usoni kama mlango wa tanuri. Karibu na kilomita 70 utaukuta mlima Olorgesailie, na chini yake ardhi nyeupe iliyokuwa ziwa zamani za kale. Mtaalamu wa miamba J. W. Gregory alikuwa amepita hapo mwaka 1919 na kuona zana. Mapema katika miaka ya 1940, vita vikiwa vimepamba moto, Leakey na mkewe walikwenda kupatafuta. Walitembea wakiachana masafa, macho chini. Mary akamwita mumewe kwa sauti aje haraka, naye Louis akawa ameona yake upande wa pili. Mbele ya Mary yalikuwapo mashoka ya mawe kwa mamia yamelala juu ya ardhi, kana kwamba wenyewe wameyaweka jana wakaenda kunywa maji.

Kuanzia mwaka 1943 hadi 1947 ndipo uchimbuzi ulipofanywa, kwa msaada wa mateka wa Kitaliana walioachiliwa kwa ahadi. Louis alikuwa na kazi nyingi Nairobi; aliyeketi na mawe alikuwa Mary. Mashoka mengi hayakuchukuliwa. Yeye na mumewe waliamua yaachwe pale pale yalipoonekana, watu waje wayatazame, na mwaka 1947 wataalamu wa Afrika nzima waliokutana Nairobi wakapelekwa kuyaona. Miaka hiyo hiyo ya 1940 ndiyo aliyomzika mtoto wake wa kike, Deborah, aliyefariki mchanga mwaka 1943. Watoto watatu wa kiume walibaki: Jonathan, Richard na Philip.

Mbwa aliowapenda Bi Mary ni wale waitwao Dalmatian, weupe wenye madoadoa meusi. Mumewe naye aliwapenda, wakawafuga na kuwazalisha. Ni mbwa wa miguu mirefu na pumzi nyingi. Zamani Ulaya walikuwa wakikimbia sambamba na magari ya farasi kuwalinda farasi. Huzaliwa weupe pe, na madoa hujitokeza baada ya wiki mbili hivi. Lakini wana ila moja ambayo kila mfugaji wao huigundua kwa majonzi. Weupe ule unaambatana na uziwi. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba takriban wanane katika kila mia huzaliwa hawasikii kwa masikio yote mawili, na wengine zaidi ya ishirini husikia kwa sikio moja tu. Kwa hiyo mwenye mbwa hawa, kijibwa kikikaidi wito, hujiuliza kwanza kama kimesikia. Hupiga makofi nyuma yake, au hukanyaga sakafu kwa kishindo. Ni adabu njema hiyo, kuuliza kama umesikiwa kabla ya kukasirika.

Wafugaji wanaoijua kazi huanza kijibwa kikiwa na wiki saba au nane, mara kinapotengwa na mama yake. Hukipa jina fupi, na siku za mwanzo jina hilo hutajwa wakati wa chakula tu, mpaka jina na tonge viwe kitu kimoja kichwani mwake. Kisha hukiita kikiwa hatua mbili tu, tena wakati ule ambao chenyewe tayari kinakuja, ili kushinda kuwe rahisi. Kikifika hupata kipande cha nyama. Siku zikisonga hatua huongezwa, na hufungwa kamba nyembamba ya mita kumi hivi, si ya kukiburuta, ila ya kukizuia kisije kikajifunza kwamba yawezekana kuitwa na kutokuja. Mwisho ndipo kinapopelekwa penye fitina: kuku, mbuzi, watoto wenye mpira.

Kosa linaloharibu kazi yote ni kukiita ili kukipiga. Kijibwa hakijui kwamba kinapigwa kwa ajili ya kiatu kilichotafunwa asubuhi. Kinachojua ni kwamba kiliitwa, kikaja, kikapigwa. Na kesho hakiji. Wako watu waliowahi kuketi chuoni mbele ya mwalimu aliyeitumaini bakora kuliko tonge, nao hawatahitaji kuelezwa zaidi. Kosa jingine ni kukikimbiza, maana chenyewe hudhani ni mchezo na katika mbio hakuna binadamu atakayekishinda. Mjuzi hugeuka akakimbia upande wa pili, na kijibwa humfuata mbio. Na nyumba nyingi hushindwa kwa sababu baba husema hili, mama husema lile, na watoto wanapiga mluzi. Neno liwe moja.

Nimesema haya kwa urefu kwa sababu maulamaa wetu nao waliyasema tangu zamani. Adi bin Hatim, mtoto wa yule Hatim Tai aliyesifika kwa ukarimu, alikuwa mwindaji. Aliposilimu alimuuliza Mtume kuhusu mawindo ya mbwa, akajibiwa kwamba mbwa aliyefundishwa, akitumwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, alichokamata huliwa. Akikila mwenyewe, basi kiachwe, kwani amejikamatia nafsi yake. Sura ya Maida ina ruhusa hiyo. Hapo mafakihi wakalazimika kueleza nani hasa ni mbwa aliyefundishwa. Kwa Shafii ni yule ambaye akitumwa huenda, akizuiwa husimama, na akikamata hali, na haya yarudiwe mpaka isiwepo dhana kwamba yametokea kwa bahati. Mahanafi, walipofika kwa kipanga wa kuwindia, walisema alama ya kufundishwa kwake ni kwamba akiitwa hurudi. Naye Ibn al-Qayyim aliitazama hukumu yote akaona ndani yake utukufu wa elimu: mbwa ni yule yule, meno ni yale yale, lakini kile cha mjinga ni mzoga na kile cha aliyesoma ni halali.

Hebu mweke hapo msichana aliyefukuzwa shule mbili.

Kambi yao ya Olduvai, upande wa Tanzania, haikuwa mahali pa mbwa wa kubembelezwa. Simba walipita usiku, nyoka walijificha kwenye mawe, vifaru walikuwapo bado. Mbwa walikuwa walinzi. Walibweka kabla macho ya watu hayajaona kitu. Lakini mbwa wa namna hiyo akiona swala na kumfuata, asisikie anaporudishwa, amekwenda kujitafutia chui. Bi Mary alitembea nao bila kamba siku nzima. Wala tusisahau kichekesho chake: huyu alikuwa mtu atafutaye mifupa, na wenzake wa safari ni mbwa. Ni bahati njema kwamba mfupa uliogeuka jiwe hauna harufu.

Tarehe 17 Julai 1959 Louis alilala na homa kambini. Mary akachukua gari, Sally na Victoria wakapanda, wakaenda mpaka mahali paitwapo kwa herufi FLK, yaani korongo la Frida Leakey. Frida ndiye mke yule wa kwanza aliyeachwa, na neno korongo ni letu, limeingia vitabu vya dunia nzima bila kuomba ruhusa. Akiwa anatembea polepole kwenye mteremko aliona mfupa umechomoza, akausafisha kwa brashi, yakaonekana meno makubwa mawili. Akarudi mbio kambini akimwita mumewe. Homa ikamtoka Louis papo hapo.

Fuvu lilikuwa vipande karibu 400. Mary ndiye aliyeviunganisha, kimoja baada ya kingine. Louis ndiye aliyetoa jina la Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinji, na ndiye aliyezunguka dunia akihutubia. Wataalamu baadaye waliliweka fuvu hilo katika kundi jingine na jina lile likabaki la mazoea tu. Mambo ya asili ya binadamu yana vitabu vyake na wenyewe wa kuyajadili, nasi tuna Kitabu chetu. Simkusudii mtu kwa fuvu hilo. Nakusudia subira iliyoliunganisha. Mwaka 1965 lilikabidhiwa Tanzania, likawekwa Dar es Salaam.

Tabia zao wawili zilikuwa mbalimbali. Louis alipenda watu na makofi, akatangaza mambo mengine kabla hayajaiva. Mary alikuwa mkimya, mkali kwa wageni wasio na kazi, mvuta sigara kubwa kama za wanaume, na wala hakuwa adui wa chupa jioni. Hilo nalisema kwa sababu lilijulikana, si kwa kulisifu. Alipoandika, aliandika kilichokuwapo. Kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu uchimbuzi wa Olduvai kilipanga kila jiwe na kila mfupa mahali ulipoonekana. Vyuo vikuu, ambavyo havikumtaka akiwa kijana, vilianza kumpa shahada za heshima: Witwatersrand mwaka 1968, kisha Yale, na hatimaye hata Oxford ile ile.

Katika ndoa yao mapenzi yalikuwa yamekwisha kupoa. Louis alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Mary alikuwa amekwisha kuhamia Olduvai kabisa, yeye, wafanyakazi wake, wengi wao Wakamba, na mbwa wake. Hapo ndipo akapata jambo lililo kubwa kuliko Zinji kwa maoni ya wengi. Kusini mwa Olduvai, mahali paitwapo Laetoli, vijana wa msafara mwaka 1976 walikuwa wakitupiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo. Mmoja akakwepa, akaanguka, na pua yake ikakuta nyayo za wanyama katika jivu la volkeno lililogeuka jiwe. Miaka miwili baadaye zikaonekana nyayo nyingine, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, kwa mwendo wa mita zipatazo 27, na umri wake zaidi ya miaka milioni 3.6. Bi Mary alikaa juu ya nyayo hizo akizisafisha kwa zana ndogo kama za daktari wa meno. Aliamini kwamba mahali fulani mmoja wao alisimama kidogo akageuka kushoto, kisha akaendelea na safari.

Mwaka 1982 aliziba jicho la kushoto kwa damu iliyoganda. Mwaka uliofuata akaiacha Olduvai, akarudi nyumbani kwake Langata. Michoro ya mapangoni ya Kondoa, ambayo aliinakili kwa mkono mwaka 1951, ilitoka kitabuni mwaka 1983, na maisha yake aliyaandika mwenyewe mwaka 1984. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996 akiwa na umri wa miaka 83. Kwa desturi ya watu wake mwili ulichomwa, na majivu yakatawanywa Olduvai.

Olorgesailie ipo bado, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Msomaji aliye Kitengela au Ngong anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja, akichukua maji ya kutosha. Vimejengwa vijia vya mbao juu ya ardhi, na chini yake mashoka yamelala kama alivyoyaacha Bi Mary. Pembeni Wamasai hupitisha mbuzi wao, na mbwa wao wembamba hutangulia mbele, na mchungaji akitoa sauti moja tu wanasimama.